Foleni Isiyotaka Kufupishwa

"Madirisha matatu," Bi Mwatime alisema kwa mara ya tano, na safari hii alinyoosha vidole vitatu kabisa, kama anayesema na watoto wa chekechea. "Matatu. Kila dirisha na sufuria yake na upawa wake. Watu mia nne mnakula kwa saa moja tu, mnarudi ndani kabla miguu haijafa ganzi. Ni kipi hapo hakieleweki?"

"Tumekuelewa tangu mara ya kwanza, mama," akajibu Zalmani. "Ndiyo maana tunakataa."

"Mnakataa supu ya moto?"

"Supu hatuikatai. Tunakataa haraka yake."

"Haya, nyie! Watu wamesimama kwenye baridi tangu asubuhi, wengine hawana viatu, halafu mtu mzima ananiambia hataki haraka!"

Bi Gitla, mwanamke mfupi mwenye koti la mwanamume lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akadakia bila kugeuka. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu amekuja na kijisaa, anataka tupone kwa dakika."

Foleni nzima ikacheka. Lakini ilicheka ikiwa imenyooka, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake, kwa sababu katika nchi ya Unyofu hata kicheko kina sheria yake.

Bi Mwatime alikuwa mama wa watoto wanne na mwenye diploma ya lishe, na mambo hayo mawili yalimfundisha somo moja: mwenye njaa mpe chakula, hotuba baadaye. Baraza la nchi jirani lilimtuma Unyofu kupima supu ya watu waliozungushiwa ukuta, na kuishauri serikali ya huko namna ya kuigawa. Alipewa siku saba. Hii ilikuwa ya tatu, na tayari alikwisha kuchoshwa na wenyeji kwa pande zote mbili za ukuta.

Unyofu ni nchi inayopenda mistari. Sheria yake ya kwanza inasema kwamba watu wawili waliosimama ubavu kwa ubavu ni mkutano, na watatu ni njama; lakini mia nne waliosimama mmoja nyuma ya mwingine ni utii. Kwa hiyo hata harusi hufungwa bwana akiwa mbele na bibi nyuma, na mfungishaji mbele yao wote akiwapa mgongo. Wapo waliowahi kuoa mtu siye, na sheria haikuona kosa, maadamu mstari ulikuwa sawa.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na watu waliosali siku yao na kula vyakula vyao, na zaidi ya yote waliandika kuanzia kulia kwenda kushoto. Huko Unyofu jambo hilo huitwa kupinda. Serikali ilijadili upindaji huo kwa miaka miwili, ikaunda kamati, kamati ikazaa kamati, na mwisho wake ukajengwa ukuta wa matofali kuuzunguka mtaa wao wote. Ukuta ukaitwa Kumbatio. Waliokuwa ndani wakaitwa Waliokumbatiwa. Shule zao zilifungwa ili wapumzike. Fidla na vinanda vyao vilikusanywa ili visipate vumbi. Vitabu vyao vilipelekwa ghalani, mbali, ili visichoke kwa kusomwa. Kisha wakaletewa supu, mara moja kwa siku, katika uwanja mmoja, kupitia dirisha moja.

Bi Mwatime alikuwa ameipima foleni hiyo kwa saa yake ya mkononi. Kila bakuli lilichukua sekunde ishirini na nane, na watu mia nne walimaliza kwa muda wa saa tatu na dakika sita. Hilo lilimuudhi. Lililomuudhi zaidi ni kwamba baadhi ya watu hawakusogea kabisa. Walisimama palepale, wakiwapisha walio nyuma yao: "Pita wewe." "Pita, dada." "Wewe nawe pita." Zalmani alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, na maringo yake yalikuwa mazima kuliko koti lake.

"Leo umewapisha wangapi?" Bi Mwatime akamuuliza.

"Mia mbili na kumi."

"Na kwa nini?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kupitwa?"

"Naifanya vizuri," alisema Zalmani. "Waulize."

Bi Gitla akaguna. "Mama, ukitaka kujua usiulize. Panga foleni."

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuogopa kusimama, Bi Mwatime akachukua bakuli, akaenda mkiani. Mbele yake palikuwa na mgongo wa fundi viatu. Nyuma yake akaja bibi kizee mwenye kitambaa cha kijani, na nyuma ya bibi wengine. Mara akahisi kidole kikitembea kwenye mgongo wake: mstari chini, mstari pembeni, nukta.

"Unafanya nini, bibi?"

"Nakuandika," bibi kizee akanong'ona. "Usitikisike, utaniharibia mwandiko. Hiyo ni herufi ya nne. Sasa mwandike aliye mbele yako."

Mama wa watoto wanne huguswa mgongo mara elfu, ila Bi Mwatime hakuwahi kuandikwa. Akaweka kidole kwenye koti la fundi viatu, akaandika alichokihisi. Kutoka mahali fulani mbele, sauti ya Bi Gitla ikaja chini kwa chini, ikipita juu ya bega: "Mkia wake mrefu zaidi. Nani huyo ameandika kama kuku?" Fundi viatu akasema, "Mgeni, mwalimu." Bi Gitla akasema, "Mgeni arudie."

Ndipo alipoanza kuelewa. Shule ilipokatazwa, watu wale hawakugombana na sheria. Waliisoma, wakaikuta imesahau kukataza foleni. Walimu wakaingia kwenye mstari kama watu wengine, na badala ya kuwasogelea wanafunzi wao, wakaacha wanafunzi wawapite. Mkiani alisimama Bi Gitla na herufi zake. Katikati alisimama Zalmani na pembe zake za hesabu, na ubao ulikuwa mgongo wa mtu. Karibu na dirisha alisimama Hershi, aliyekuwa mpiga fidla kabla fidla yake haijaenda kukwepa vumbi. Hershi aligonga bakuli kwa kijiko, taratibu, na aliye nyuma yake akapokea, na wa nyuma yake naye, hadi wimbo ulipofika mkiani wakati mwenyewe alikwisha kuanza mwingine. Hawakuwahi kuusikia wimbo mzima kwa pamoja. Kila mmoja alisikia kipande chake kikimpitia kama upepo uingiao mlango huu na kutokea ule.

Walimu hao waliitwa Wapitwa, na katika Kumbatio hapakuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Kwetu mtu hujivuna kwa aliowaacha nyuma. Kule hujivuna kwa waliompita.

Hata hivyo wasidhaniwe kuwa malaika. Bi Mwatime alipofika karibu na sufuria, alikuta ugomvi.

"Eti kupitwa!" alisema Dvosha, mgawaji wa supu, akimwelekezea Hershi upawa. "Nani hajui kwamba viazi hukaa chini kabisa ndani ya sufuria, na wa mwisho ndiye huvipata? Walimu wetu hesabu wanaijua sana."

"Jana supu ilikwisha nikiwa nimebakiza watu saba kufika dirishani," alijibu Hershi. "Nililamba nini? Heshima?"

"Na leo?"

"Leo ni leo."

"Leo nimekuona na kiazi na nusu, Hershi."

"Kiazi ni changu. Nusu nimeipata kwa kukupigia ule wimbo wa harusi ya dada yako, na ulilia, usikatae."

Dvosha hakukataa. Alimpa Bi Mwatime supu yake. Bi Mwatime aliinywa, akaihesabu kwa ulimi, kama alivyofundishwa chuoni. Kisha akamrudia Zalmani.

"Nimeona," alisema. "Ni ujanja mzuri, na nawapongeza. Lakini mimi si mtu wa kupakana mafuta. Wimbo haushibishi, na pembetatu haina vitamini. Mnawachosha watu waliokwisha kuchoka."

"Hakuna aliyesema wimbo unashibisha," alisema Zalmani. "Wewe una diploma. Supu hii ina nini?"

"Maji. Chumvi. Kiazi kimoja kwa watu sita. Majani ya nje ya kabichi, nayo yameoza."

"Mtu mzima anaishi kwa hiyo miezi mingapi?"

Bi Mwatime alijua jibu: miezi michache.

"Sisi tuna mwaka na nusu," alisema Zalmani. "Ama kitabu chako kimekosea, ama kuna chakula ambacho hukukipima. Chagua linalokuuma kidogo."

"Au mnazika wengi msiowahesabu," Bi Mwatime akamjibu papo hapo.

Zalmani alivua miwani, akaifuta. "Hao pia wapo," alisema. "Nenda Mtaa wa Milango ukawaone."

Mtaa wa Milango ulikuwa upande wa kaskazini wa Kumbatio. Huko serikali ya Unyofu ilikuwa imejaribu mpango wa kisasa: watu wasipange foleni, supu iwekwe mlangoni pa kila nyumba. Kila mtu alipata kipimo kilekile kilichopatikana uwanjani, tena bila kusimama. Bi Mwatime aliusifu mpango huo siku ya kwanza, kwa maandishi, kabla ya kuuona.

Sasa aliuona. Mtaa ulikuwa safi na kimya. Mabakuli yalikaa vizingitini, supu imeganda juu kama kioo. Aliita hodi nyumba nne bila kujibiwa. Ya tano mlango ulikuwa wazi, na ndani alilala mwanamke, uso wake ukutani.

"Hujanywa supu yako," Bi Mwatime alisema. Hakuwa na salamu nyingine.

"Nitakunywa."

"Lini?"

"Kuna haraka gani?"

Kwa mara ya pili siku ile aliambiwa habari ya haraka, na mara hii neno lilimchoma. Alimgusa paji la uso: hapakuwa na homa. Alimpima mkono kwa vidole viwili, vikakutana na kubaki na nafasi. Akamwuliza jina, akaambiwa Perla. Akamwuliza miaka, akaambiwa thelathini na moja.

"Unatoka uwanjani?" Perla aliuliza, bado akiutazama ukuta. "Zalmani amefika wapi? Walipotuhamishia huku nilimwacha kwenye duara."

"Sijui. Leo alikuwa na kitu chenye mstari unaogusa duara mahali pamoja tu."

"Amefika kwenye mguso!" Perla akageuza shingo. "Na ule mstari unasimamaje na ule wa kutoka katikati? Nionyeshe."

Bi Mwatime hakukumbuka vizuri. Lakini mama hajui kumwambia mgonjwa "sijui" mara mbili. Akakaa kitandani, akachora kwenye ule mgongo uliokuwa mifupa mitupu, duara kwanza, kisha mstari.

Mabega ya Perla yakaanza kutikisika. Bi Mwatime aliogopa, akadhani analia.

"Mama," alisema Perla akicheka kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, "hilo si duara. Hicho ni kiazi."

"Basi kaa nikuchoree jingine."

Perla alikaa. Na kwa kuwa alikwisha kukaa, na bakuli lilikuwa karibu, alikunywa supu yake, huku akimkosoa mgeni mchoro wake wa pili na wa tatu.

Bi Mwatime alipotoka alihesabu milango. Ilikuwa themanini, na thelathini na moja kati yake ilikuwa imepigwa misumari kutoka nje tangu mwezi uliopita, wenyewe wamekwisha kufa. Alijiambia maneno ambayo mtu mwenye diploma lazima ajiambie: huenda hawa walikuwa dhaifu tangu mwanzo, sababu moja haithibitishi jambo, hesabu ni ndogo. Alijiambia yote hayo hadi uwanjani, na hakuna lililomsaidia.

Uwanjani alimkuta Bwana Valdemari, Mnyooshaji Mkuu wa Foleni. Alikuwa afisa wa Unyofu mwenye mashavu mekundu, na alitembea na kamba ya kupimia unyofu wa mistari. Mkononi alikuwa na karatasi, na kwenye karatasi palikuwa na maneno ya Bi Mwatime mwenyewe, yamepigwa mihuri mitatu.

"Madirisha matatu!" alisema kwa furaha ya kweli. "Makao makuu yamefurahi mno. Mafundi wanaanza leo hii. Nakutaka saini tu, hapa chini, kwamba ni ushauri wa kitaalamu."

Hershi alishusha kijiko chake.

"Na nikuambie siri," Valdemari aliendelea, akiinamisha kichwa. "Foleni hii hainipendezi. Watu wenye njaa husukumana. Hawa hawasukumani. Wanapishana! Nimeandika barua kuuliza sababu. Foleni ikifupishwa, hata swali langu litakwisha, na hatutalazimika kumkamata mtu."

Bi Mwatime alishika karatasi. Akisaini, shule ingekufa kesho kwa wema wake, kwa foleni ya saa moja. Akikataa bila kueleza, barua ya Valdemari ingepata jibu, na Wapitwa wangepelekwa kule ambako Unyofu huwapeleka watu inaotaka kuwanyoosha kabisa. Kueleza hakuwezekani. Kilichobaki ni kudanganya, naye hakuwa na mazoea nako. Watoto wake walimwogopa kwa hilo: mama aliyesema kila kitu kama kilivyo, hata kwenye sherehe za watu. Jina lake kwenye karatasi lilikuwa kitu pekee alichokimiliki bila kukopa kwa mtu. Nchini kwake wenzake wangeisoma karatasi hii. Wangecheka miaka mingi.

Akaigeuza karatasi upande wa pili, mweupe.

"Bwana Mnyooshaji, ushauri wangu wa kwanza ulikuwa na kosa la kisayansi," alisema. "Nisubiri kidogo."

Akaandika akisimama, haraka, akisoma kila kifungu kwa sauti ili foleni isikie.

"Kwanza: tumbo lililodhoofika lisipokee supu kabla ya mwenye tumbo kusimama kwa muda usiopungua saa tatu. Pili: muda wote huo midomo itikiswe kwa sauti ya chini, ili mate yatoke. Tatu: mgongo wa kila mtu usuguliwe kwa kidole na aliye nyuma yake, damu izunguke. Nne: bakuli ligongwe kwa kijiko, polepole, tumbo lipate taarifa mapema."

Valdemari alikunja uso. "Tumbo hupata taarifa?"

"Ulisomea lishe wapi, bwana?"

"Mimi nilisomea mistari."

"Basi."

Valdemari alifikiri. Sheria zilimpendeza, na hizi zilikuwa na namba. Lakini akawanyooshea kamba Zalmani na Bi Gitla. "Na hawa wanaosimama mahali pamoja? Hawa wanavunja mwendo."

"Hao ni vipimo," Bi Mwatime alisema bila kupepesa. "Utajuaje foleni inasogea kama hakuna kilichosimama? Barabara zenu hazina mawe ya maili?"

"Zina mawe mazuri sana."

"Mtu huyang'oa?"

"Ni kosa la jinai!"

"Naandika hivyo. Tano: mawe ya maili ya foleni yasiguswe."

Bi Gitla alipatwa na kikohozi kirefu. Zalmani, ambaye katika maisha yake aliitwa majina mengi ila hakuwahi kuitwa jiwe, alinyoosha mgongo kwa heshima ya cheo kipya.

"Lakini ufanisi?" Valdemari aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagana na ndoto. "Madirisha matatu yalikuwa yamepangwa kwa mstari mmoja."

"Kifungu cha sita," alisema Bi Mwatime. "Mtaa wa Milango unakiuka kifungu cha kwanza. Watu kule wanalala kabla ya supu, jambo la hatari mno. Warudishwe kwenye foleni leo. Asiyeweza kutembea abebwe."

"Abebwe na watu wawili? Ubavu kwa ubavu?"

"Mmoja mbele, mmoja nyuma."

Hilo lilimmaliza. Aliipenda picha hiyo hata akatabasamu. Bi Mwatime akaandika jina lake lote, la baba na la babu, akaongeza namba ya diploma yake ambayo hakuwahi kuiandika popote bila kuwa na uhakika wa kila neno lililo juu yake, na akasaini. Valdemari alipiga muhuri wa nne, akakunja kamba yake, akaenda kuwarudisha mafundi.

"Mama," Zalmani alianza, na ilionekana anaandaa hotuba.

"Nyamaza, jiwe. Hershi, weka bakuli chini, njoo na nyundo ya fundi viatu."

Walikwenda Mtaa wa Milango, yeye mbele na Hershi nyuma. Machela hawakuwa nayo, kwa hiyo waliung'oa mlango wa nyumba ya tano kwenye bawaba zake na kuulaza kando ya kitanda. Perla aliuliza kama wana kibali. Bi Mwatime akamwambia alale chali na asijibizane na wakubwa zake. Wakamhamishia juu ya mlango, na blanketi lake, na bakuli lake. Bi Mwatime akashika upande wa mbele, Hershi wa nyuma, wakahesabu moja, mbili, wakainua.

Mlango ulikuwa mzito. Perla hakuuongezea uzito. Bi Mwatime aliuma meno, akatazama mbele, akaanza kwenda.